Anayenong'ona dirishani

Binti anaingia duka la dawa pale Majengo, Dodoma, nyuma yake wanaume wawili wanasubiri zamu. Anainamia kaunta na kunong'ona: "Naomba dawa ya tumbo." Mara nyingi atapewa vidonge kwenye kibahasha, atalipa, ataondoka. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Wapo wanaosema kwa maumivu ya hedhi dawa ya dukani yatosha, na nawaelewa. Maumivu ya kawaida ya hedhi huletwa na prostaglandini, kemikali zinazobana misuli ya kizazi, na ibuprofeni huzipunguza. Ila dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa mapema, tumbo likianza tu kuvuta, mtu akiwa amekula, kisha iendelezwe kwa saa zake siku mbili tatu. Anayengoja hadi ajikunje kitandani ndipo ameze kimoja, ataapa kwamba haimsaidii. Kumweleza hayo ni kazi ya dakika mbili. Na kwa mwanafunzi wa Bahi au Chamwino, hospitali kila mwezi ni nauli na vipindi vilivyopotea.

Wenye shaka wanajibu kwamba kidonge huficha ugonjwa. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa endometriosisi, ugonjwa ambapo tishu kama ya ndani ya kizazi huota nje yake, huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao huambiwa kwa miaka, "Ni chango tu, ukizaa litaisha." Kauli hiyo inaniumiza kila ninapoisikia. Ibuprofeni nayo haimfai mwenye vidonda vya tumbo, na yaweza kumwamshia mtu pumu. Tena aliyechelewa siku zake, kisha akaumwa upande mmoja huku damu ikidondoka kidogo, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Lakini hofu zote hizo zinamdai mfamasia aulize: hedhi ya mwisho lini? Maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka? Una vidonda? Aliyerudi mwezi wa tatu bila nafuu asiongezewe dozi, aelekezwe kwa daktari. Kwenye maduka ya dawa muhimu, ambako kaunta ina mtoa dawa na siyo mfamasia, maswali hayo yabandikwe ukutani upande wake.

Na wenye maduka waweke kiti kimoja pembeni, mbali na foleni, ili anayenong'ona aulizwe naye kwa kunong'onezwa.