Kitabu cha Mtihani Kikisomwa Mara ya Tatu

Mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ukikaribia, lawama huwa ileile: shule inaua hamu ya kusoma. Mtoto anapewa riwaya, anaambiwa atafute maudhui na sifa za wahusika, na hadithi inamkaukia mkononi. Wasemao hivyo hawazushi. Yapo madarasa ambamo kitabu chenyewe hakionekani. Mwalimu anaandikisha noti, wanafunzi wananunua muhtasari, na mtu anafaulu fasihi bila kujua hadithi ilianzaje. Ila hapo kilichomchosha mtoto ni muhtasari. Kitabu hakuwahi kukionja.

Lisilosemwa ni kwamba kitabu cha mtihani huenda ndicho pekee ambacho kijana wa miaka 16 atakisoma mara tatu. Cha hiari, akishajua nani kamwoa nani, anamwazima mwenzake na hakirudi. Cha mtihani hana pa kukikwepea, na utamu mwingine hukaa chini kabisa, kama sukari isiyokorogwa.

Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, shairi refu ambamo mke anatetea mila za kwao, uliochapwa kwa Kiingereza mwaka 1966 na kusomeshwa sana Afrika Mashariki, sisi tuliusoma kwa sauti, nakala sita darasa zima. Mara ya kwanza tulicheka tu: Lawino anavyomchamba Clementine, mwanamke mwingine wa mumewe, kwa poda na rangi ya mdomo, anavyomsuta mumewe Ocol kwa usomi wake. Mara ya pili tukasikia wivu chini ya kejeli. Ya tatu, msichana mmoja ambaye kwa kawaida haongei akauliza: Ocol asingeleta mwanamke mwingine, Lawino angetetea mila kwa ukali huu? Tulibishana hadi kengele ya chakula ikalia, na hakuna aliyeinuka. (Karibu na mwisho Lawino analalamika kwamba vitabu vikubwa vimeponda uanaume wa vijana darasani; mwalimu alipofika hapo alikohoa, akafunua ukurasa mwingine.) Swali lile sijalikuta katika muhtasari wowote, wala asingelifikia aliyesoma mara moja.

Watetezi wa hiari wana hoja moja inayoniuma: anayechagua ni nani? Mtoto wa Moroto kukutana na wafalme wa Shakespeare kabla ya kusoma ukurasa mmoja wenye ng'ombe wa kwao, hilo linasikitisha. Basi orodha ibadilishwe. Lakini hiari inataka rafu ya vitabu, na katika shule nyingi za vijijini rafu hiyo haipo. Ukiondoa kitabu cha lazima, inabaki chaki.

Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 umefanya Kiswahili kuwa somo la lazima Senia ya 1 na ya 2. Wanaonung'unika wapo, na sababu wanayo: walimu hawatoshi. Ila lugha hii hapa Uganda ilivuma kwa muda mrefu kama lugha ya kambi za jeshi na ya vizuizi vya barabarani. Kwa wazee wengi, neno la kwanza la Kiswahili walilosikia lilikuwa amri. Mjukuu wao wa Masaka au Gulu anaweza sasa kukutana nayo kwanza katika hadithi ya sungura anayemlaghai fisi, kwa kuwa tu amelazimishwa.