Ten Hag alipigwa kalamu Oktoba, lakini kosa lilifanyika Julai

Jumatatu ya Oktoba 28, 2024, Manchester United walimpiga kalamu kocha wao Erik ten Hag, na kufikia jioni Nairobi ilikuwa imegawanyika. Wapo walioshangilia kana kwamba timu imebeba ligi. Wapo waliolalamika kwamba Mholanzi wa watu ameonewa. Mashabiki wa Arsenal na Liverpool nao walihuzunika kwa namna yao, maana walikuwa wanapoteza mtu aliyewapa kicheko kila wikendi, ila hao tuwaache kando.

Ubishi huo ungali hai. Klabu kubwa ikimtimua kocha, iwe kwenye steji ya boda, ndani ya matatu ama ofisini, jina la Ten Hag lazima litajwe, na kila upande unamtumia kama ushahidi wake. Kwa kuwa sasa tunajua kilichofuata, tunaweza kupima nani alikuwa na haki. Maoni yangu ni kwamba kambi zote mbili zilikuwa na hoja nzuri, tatizo ni kwamba zilikuwa zikijibu swali lisilofaa.

Tuanze na waliotaka aende. Hawa walikuwa na hesabu mkononi: mechi tisa za ligi, pointi 11, nafasi ya 14, mabao manane tu ya kufunga. Katika mwezi mmoja, Septemba, walikuwa wamechapwa 3-0 mara mbili wakiwa nyumbani Old Trafford, kwanza na Liverpool kisha na Tottenham. Msimu uliotangulia walimaliza wa nane, wakapoteza mechi 14 za ligi na kufungwa mabao mengi kuliko waliyofunga. Katika Ligi ya Mabingwa waliburura mkia kwenye kundi la Bayern, Copenhagen na Galatasaray. Na ile saba bila waliyochapwa na Liverpool kule Anfield, Machi 2023, hakuna shabiki wa Man U jijini ambaye hajawahi kukumbushwa, hata akiwa matangani.

Hata hivyo si hesabu zilizonishawishi. Kilichonishawishi ni kauli ya kinyozi mmoja wa Umoja, shabiki wa tangu enzi za Beckham, aliyezima mashine nikiwa nimenyolewa upande mmoja ili alieleze jambo lake vizuri: "Mzee wangu, Pep wa City akipoteza mimi naona alitaka kufanya nini. Huyu wetu hata akishinda sioni." Hapo alikuwa amegusa penyewe. Kocha alikuwa ameingia msimu wa tatu na bado kati ya mabeki na viungo wake kulikuwa na uwazi ambao hata timu ndogo zilipita kama Thika Road saa tisa usiku. Unaweza kumvumilia kocha anayepoteza akijenga kitu. Shida ni kumvumilia usipoona anachojenga.

Kambi ya subira nayo haikuwa ya watu wajinga. Ten Hag alimaliza wa tatu katika msimu wake wa kwanza. Februari 2023 alileta Kombe la Carabao, taji la kwanza la United tangu 2017. Mei 2024, wakati magazeti yalikuwa tayari yamemzika, aliifunga Manchester City 2-1 katika fainali ya Kombe la FA, na waliofunga ni Garnacho na Mainoo, vijana wawili wa akademia ambao yeye ndiye aliyewapa nafasi. Majeruhi nao walimwandama msimu mzima, hasa upande wa beki wa kushoto.

Halafu kuna ile mechi ya mwisho. Jumapili, Oktoba 27, ugenini kwa West Ham, Diogo Dalot wa United alikosa bao huku goli likiwa tupu. Mchezo ukiwa 1-1 na dakika 90 zimeisha, VAR, yaani marefa wa video, ikamwita refa kwenye skrini, West Ham wakapewa penalti, Jarrod Bowen akafunga. Baadaye Howard Webb, mkuu wa marefa wa Uingereza, alikiri hadharani kwamba VAR haikupaswa kuingilia. Yaani mtu alimwaga unga siku moja baada ya penalti ambayo mwenye marefa mwenyewe alisema haikustahili. Ukiwa shabiki wa subira, hicho ni kidonda cha kutosha kukufanya useme "ameonewa" hadi leo.

Sasa tuje kwenye mifano, kwa sababu huku ndiko ubishi wa Nairobi huharibikia.

Watu wa subira huanza na Alex Ferguson, kila mara. Alifika Novemba 1986, akakaa bila taji hadi Kombe la FA la 1990, na ligi akaishika 1993. Ni kweli tupu. Lakini tunamkumbuka Ferguson kwa sababu alishinda. Makocha waliopewa muda wakautafuna wote bila kuleta chochote hawana hadithi inayosimuliwa barazani, kwa hiyo tunadhani subira hulipa kila mara. Mfano wao wa pili ni Mikel Arteta, aliyemaliza wa nane mara mbili mfululizo na Arsenal wakamshikilia mpaka timu ikawa timu. Huo nao ni kweli, ila husahau jinsi Arteta alivyoingia. Arsenal walimtimua Unai Emery Novemba 2019. Bila kufukuza, subira hiyo wanayoisifu isingekuwa na mtu wa kuvumiliwa.

Watu wa kufukuza wao hukimbilia Chelsea. Januari 2021 Frank Lampard alitimuliwa, Thomas Tuchel akaingia, Mei hiyo hiyo wakabeba Ligi ya Mabingwa. Mfano mtamu, isipokuwa Tuchel mwenyewe alifutwa Septemba 2022. Na Roberto Di Matteo, aliyeleta kombe hilo hilo Mei 2012, hakumaliza mwaka. Novemba alikuwa nje. Kwa hiyo kila kambi inaikata historia pale panapoifaa na kuliacha lile fundo linaloisumbua.

Ajabu ni kwamba ushahidi mzuri zaidi tunao hapa nyumbani, na hakuna anayeutumia. Gor Mahia walishinda ligi mara nne mfululizo: 2017, 2018, 2018/19 na 2019/20. Ile ya mwisho walikabidhiwa wakiwa kileleni baada ya korona kuukatiza msimu. Mataji hayo manne yalipita mikononi mwa makocha watatu, Dylan Kerr, Hassan Oktay na Steven Polack. Kabla yao, Frank Nuttall aliiongoza K'Ogalo kushinda ligi ya 2015 bila kupoteza mechi hata moja, na mwaka uliofuata alikuwa ameondoka. Kama kudumu kwa kocha ndiko kunakoleta mataji, Gor wangekuwa wameporomoka. Hawakuporomoka, kwa sababu kikosi chao kilikuwa kimewaacha wengine mbali kiasi kwamba kocha mpya alihitaji tu kutokiharibu. Na kama kubadilisha kocha ndiko dawa, AFC Leopards, ambao nao wamebadilisha wa kutosha, wasingekuwa wanalilia taji la ligi tangu 1998.

Kinachoamua, basi, ni uzima wa nyumba ambayo kocha anaingia ama anatoka. Hapo ndipo nawarudia United.

Baada ya ile fainali ya Mei 2024, wakuu wa klabu walikaa wiki kadhaa wakijiuliza kama wamwache Ten Hag ama wamwondoe. Jim Ratcliffe alikuwa ndiyo kwanza ameingia, amenunua sehemu ya hisa Februari mwaka huo na kukabidhiwa usimamizi wa mambo ya soka. Wakatathmini, wakapima, wakaamua abaki. Mapema Julai wakaongeza mkataba wake hadi Juni 2026. Kisha wakafungua mkoba: Matthijs de Ligt na Noussair Mazraoui, ambao Ten Hag aliwahi kuwafundisha Ajax, pamoja na Joshua Zirkzee, Leny Yoro na Manuel Ugarte. Mechi tisa za ligi baadaye, wakamtimua.

Hapo mimi ndipo ninaposhindwa kuwaelewa. Ikiwa Julai walimwamini kiasi cha kumwongezea mkataba na kumnunulia wachezaji wake, mechi tisa ni chache mno kuua imani hiyo, tena moja ikiwa ya penalti ya utata. Ikiwa Julai hawakumwamini, basi walijifanya kumwamini kwa kuogopa kelele za mashabiki waliokuwa bado wanaimba kuhusu kombe, na bili ikaja baadaye. Ilikuja kweli. Klabu iliandika kwenye hesabu zake pauni milioni 14.5 kwa kuondoka kwa Ten Hag, wasaidizi wake na mkurugenzi wa michezo Dan Ashworth, ambaye naye alitoka Desemba baada ya miezi mitano tu kazini. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 2 za kwetu. Mwaka huo huo klabu ilikuwa inapunguza nafasi za kazi zipatazo 250, za watu wa ofisi na wa uwanjani ambao hawajawahi kupiga penalti maishani mwao.

Aliyemfuata, Ruben Amorim, alitolewa Sporting msimu ukiwa umeshika kasi, kwa mamilioni mengine ya euro, akaja na mfumo wake wa 3-4-3 kwa kikosi kilichonunuliwa kwa mawazo ya mtu mwingine. Msimu uliisha wakiwa wa 15 na pointi 42, na fainali ya Europa League kule Bilbao wakaipoteza 1-0 kwa Tottenham. (Tottenham nao, kama wiki mbili baada ya kombe hilo, taji lao la kwanza tangu 2008, wakamtimua Ange Postecoglou. Dunia hii!) Kambi ya subira ilipoiona nafasi ya 15 ikasema, "Tuliwaambia." Sikubaliani nayo kabisa. Ten Hag angebaki pengine wangemaliza wa 12, na hiyo si sifa. Alistahili kuondoka. Alistahili kuondoka Mei, kwa heshima, kombe likiwa mkononi, ili mrithi wake apate dirisha zima la usajili na mazoezi ya kabla ya msimu.

Wakenya, kwa jinsi mwaka ule wa 2024 ulivyokuwa, tungepaswa kuling'amua hili upesi. Julai 11 Rais alivunja baraza la mawaziri na baadhi ya waliofutwa wakarejea muda si muda. Oktoba 17 Seneti ikamng'oa Rigathi Gachagua. Novemba 1 Kithure Kindiki akaapishwa kuwa Naibu Rais, siku ile ile United walipomtangaza Amorim, na utani uliotembea mjini siku hiyo sitaurudia hapa. Tulishaona watu wakibadilishwa viti huku aliyewapangia viti akiwa hajaguswa. Bado, kwenye mpira, macho yetu yote yako kwa kocha.

Sababu yake naielewa. Anayelipa shilingi 50 mlangoni pa ukumbi wa mpira huko Kayole humwona kocha kwenye skrini, amekunja uso, anaandika kwenye kidaftari. Humwoni Ratcliffe akiandika chochote. Familia ya Glazer imeishikilia klabu tangu 2005 na wengi wetu hatuwezi kuwatofautisha kwa sura. Na ukiwa mkeka wako wa kubashiri umechanwa na United dakika ya 92, unahitaji mtu wa kumlaumu usiku huo huo, na kocha ndiye aliye karibu.

Ila kuna upande wa nyumbani unaonikera. Kocha wa Ulaya akifutwa tunajua huenda nyumbani na mamilioni. Wa kwetu mara nyingi hafutwi, huchoka. SportPesa walipojiondoa kwenye udhamini Agosti 2019, mishahara ilikwama, na mwishoni mwa mwaka huo kocha Mnyarwanda wa AFC Leopards, André Casa Mbungo, akafungasha virago kwa kukosa kulipwa. Baadaye FIFA ikaifungia klabu kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya aina hiyo. Hakukuwa na kambi mbili zikibishana kwa kinyozi kuhusu Mbungo.

Na huku angalau mlango upo. Gor na Leopards ni klabu za wanachama. Viongozi wao huchaguliwa kwa kura, na shabiki wa Kayole anaweza kujiandikisha, akasimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza pesa ziko wapi. Mwulize leo akutajie wakurugenzi wa Manchester United, atakutajia watatu bila kupumzika. Kisha mwulize jina la mweka hazina wa Ingwe, yaani Leopards.