Je, njaa hunoa akili ya mwanafunzi?

Mjadala wa chakula cha shuleni ukizuka Uganda, hakosekani mzee wa kusema kwamba mtoto mwenye shibe husinzia, mwenye njaa ndiye hushika masomo. Siku hizi wapo wanaoitilia nguvu hoja hiyo kwa sayansi, na sayansi yenyewe si ya kubeza.

Grelini ni homoni ya hamu ya kula, inayotoka zaidi tumboni. Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao waliitangaza Japani mwaka 1999. Hupanda kabla ya mlo, hushuka ukishakula. Mwaka 2006, Sabrina Diano na Tamas Horvath wa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba hufika hadi hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya, na huko huongeza sinapsi, yaani maungio ya seli za neva. Panya wasio na jeni ya grelini walikuwa na sinapsi chache na kumbukumbu dhaifu. Walipopewa homoni hiyo, hali ikawa nafuu. Si ajabu: mnyama mwenye njaa akisahau mti wenye matunda ulipo, amekwisha.

Kwa hiyo mzee hakutunga uongo mtupu. Ila matokeo yale yalitokana na sindano ya homoni, si kushinda njaa. Tena kwa binadamu mambo ni magumu zaidi. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2016 uliwapa watu grelini wakati wa kujifunza: utendaji wa ubongo ulibadilika, kumbukumbu haikuboreka. Awali, mwaka 2008, watafiti wa Montreal walikuwa wameona kwamba grelini huamsha ubongo mbele ya picha za chakula.

Ya picha ndiyo ninayoiona Busia, mji wa mpakani. Saa nne asubuhi, mwanafunzi asiyekunywa chochote tangu aamke amekaa karibu na dirisha, na nje ya geti mtu anakaanga rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Mtoto yule anajua chapati imegeuzwa mara ngapi, anajua kama nyanya zimetiwa. Kumbukumbu yake iko macho kabisa! Hesabu za sehemu (nusu, robo) zilizo ubaoni ndizo zilizokosa nafasi.

Sheria ya Elimu ya 2008 imewaachia wazazi jukumu la kumlisha mwanafunzi, na mzazi asiye na kitu hupenda kuambiwa kwamba njaa ni dawa. Simlaumu. Ninaowalaumu ni wenye uwezo wanaoirudia hoja hiyo huku watoto wao wamekunywa chai kwa mkate.

Kuhusu shibe, mzee naye ana lake: baada ya posho (ugali) na maharage sahani tele, vichwa huinama kweli. Hilo ni suala la ratiba. Hesabu iwekwe asubuhi, baada ya uji.