Sili ya Kontena Katika Mlango wa Stoo ya Shule

Kwa kuwa rafiki yangu dereva amekwisha kuisambaza habari hii katika kila kundi la WhatsApp lililopo kati ya Mombasa na Juba, na kwa kuwa katika simulizi yake mimi nilipigwa mwiko na kukimbilia shamba la mihogo, naona ni haki yangu kuieleza ilivyotokea. Sikupigwa mwiko. Mwiko ulikuwa nje jikoni, na mpishi alikuwa ndani, jambo ambalo ndilo kiini cha mkasa wenyewe. Tena karibu na shule ile hakuna mihogo, kuna mtama.

Ninyi mnaonifuata hapa mnajua kwamba mimi ni wakala wa forodha Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, yaani huwashughulikia wenye mizigo makaratasi yao ya forodha, kwa hiyo sitarudia maelezo ya malori na makaratasi. Wiki iliyopita nilialikwa na shule moja ya sekondari pande za Tororo, upande wa Uganda, ambayo sitaitaja, ili nishiriki siku ya kuwaeleza wanafunzi jinsi watu wazima walivyoingia katika kazi zao. Wengine walioalikwa walikuwa muuguzi, mhandisi wa barabara na mfanyakazi wa benki. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole ambaye wote humwita Madamu, aliniomba nizungumze Kiswahili. Alisema kwamba baraza la mawaziri la Uganda liliagiza mwezi wa Julai mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, kwamba mwalimu wa somo hilo amempata na vitabu anavyo vichache, lakini wanafunzi wake bado wanaamini kuwa Kiswahili ni lugha ya askari na madereva wa malori. Alitaka wamwone mtu mwenye suti na tai anayekitumia kujipatia riziki. Mimi, mtoto wa askari ninayeishi kwa fedha za madereva wa malori, nikakubali kwenda kuivunja dhana hiyo.

Niliandaa hotuba nzuri. Ilisema kwamba tangu utotoni nilivutiwa na biashara ya kimataifa, na ilikuwa na neno “maono” katika kila aya. Hata hivyo nilihofia kufunikwa na muuguzi, ambaye bila shaka angekuja na kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo ambacho watoto wote hutaka kukigusa. Kwa hiyo nami nikabeba kifaa changu: sili ya kontena, yaani lakiri ya chuma inayofungia mlango wa kontena.

Kwa wasioijua, sili hiyo ina vipande viwili, yaani msumari mnene wa chuma wenye kichwa, na kikombe kidogo kinachoupokea. Ukiusukuma msumari ndani ya kikombe unasikia mlio mmoja mfupi, na baada ya hapo mazungumzo yamekwisha. Haina ufunguo. Yenye alama ya H imetengenezwa ili istahimili mvuto wa karibu tani moja, na njia pekee ya kuiondoa ni kuikata kwa mkasi mkubwa wa chuma. Kuna za kisasa zaidi: tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia mizigo ya kupita, yaani inayovuka nchi moja kwenda nyingine, kwa sili za kielektroniki, ambazo hutoa taarifa katika chumba cha uangalizi lori likipotoka njia au mtu akizichezea. Hizo hazibebwi kwenda kuonyeshwa shuleni. Mimi nilichukua hii ya kawaida, iliyobaki ofisini baada ya mteja kuahirisha safari, na mkasi nikauacha mezani kwa sababu ungeharibu mkao wa suti.

Sasa tufike penyewe, na naomba msinicheke kabla sijamaliza.

Tulikuwa chini ya mwembe, wanafunzi mia kadhaa wameketi kwenye nyasi, walimu kwenye viti vya plastiki. Kushoto kwangu kulikuwa na jiko la kuni na sufuria mbili kubwa: moja ya maharage yaliyokwisha kuiva, nyingine ya maji ya posho, yaani ugali, yaliyokuwa yameanza kuchemka. Nyuma yangu, hatua chache tu, kulikuwa na stoo ya chakula yenye mlango wa chuma na komeo lililochomelewa. Kufuli lilikuwa limening'inizwa pembeni, mlango umerudishwa. Nikauliza, kwa sauti ya mtu mwenye maono, “Je, mngependa kuona jinsi mali ya mamilioni inavyolindwa kutoka Mombasa hadi Juba?” Wakaitikia kwa shangwe. Madamu akatabasamu na kuniambia, “Waonyeshe, Mzee.” Hakuna Madamu yeyote aliyewahi kuniita kwa heshima namna ile, na nadhani heshima hiyo ndiyo iliyonilevya.

Nikaenda hadi mlangoni. Nikauvuta ukakaa sawa. Hapo wanafunzi wa mbele wakaanza kucheka, nami nikafurahi kwamba nimewakamata. Nikauinua msumari juu ili wa nyuma wauone, nikautia katika matundu ya komeo polepole. Kicheko kikaongezeka. Kijana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono, akaunyoosha zaidi, akasimama kabisa huku mkono ukiwa juu, nami nikamwambia kwa upole wa kitaaluma kwamba maswali yatakuwa mwishoni. Akasema, “Lakini mzee…” Nikamwambia, “Mwishoni, mwanangu.” Akaketi. Nikachukua kikombe, nikakiweka chini ya msumari, nikahesabu moja, mbili, tatu pamoja na shule nzima, nikasukuma.

Mlio ukasikika. Ulikuwa mzuri, mkavu, wa sili halali. Kikafuata kimya cha muda ambao mtu anaweza kumeza mate, kisha kutoka ndani ya stoo sauti ya mwanamke mtu mzima ikauliza, bila haraka yoyote, “Nani huyo anachezea mlango?”

Mpishi alikuwa ameingia kupima unga wa posho, na alikuwa ameurudisha mlango nyuma yake kwa sababu ya kuku. Kila mtu alikuwa amemwona akiingia isipokuwa mimi, niliyekuwa nimeupa mlango mgongo nikieleza maono. Nikajikuta nimeshika komeo kwa mikono miwili na kulitikisa, mimi ambaye dakika moja iliyopita nilikuwa nimewahakikishia watu wote hawa kwamba halitikisiki. Nikageuka nikamtazama Madamu. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni, ila macho yalikuwa yamekwisha kuondoka. Akaniambia taratibu, “Sasa onyesha jinsi ya kuifungua.”

Nikasema kwamba haifunguliwi.

“Maharage yameiva,” mpishi akasema kutoka ndani, “maji yanachemka, unga ninao mimi. Mtanipa huo mlango au mtakula kuni?”

Mwalimu wa ufundi alileta msumeno wa chuma, na msumari ukawa unazunguka pamoja na msumeno hadi wembe ukakatika. Mwalimu wa fizikia akaja na nondo, akawakumbusha wanafunzi somo la wenzo, akaegemea, na akafanikiwa kuipinda fremu kidogo kiasi kwamba hata kama sili ingetoka, mlango sasa ungekuwa na sababu yake ya pili ya kutofunguka. Nikampigia simu rafiki yangu dereva aliyekuwa yadi Malaba, nikamwomba alete mkasi kwa bodaboda. Alicheka kwanza, kisha akaniomba nirudie ili mwenzake asikie. Hapo ndipo mlipoanza kupelekewa habari zangu.

Madamu akanivuta kando. Aliniambia, na alinena bila kupandisha sauti hata kidogo, kwamba watoto wana njaa, kwamba watoto wenye njaa wakikaa kimya huanza kufikiri, na kwamba kwa hiyo mimi nitaendelea kuzungumza mpaka mkasi ufike. Muuguzi na kifaa chake wangesubiri.

Hotuba ya maono iliisha upesi sana. Nilipotazama saa, nikaona kwamba dereva hajaondoka hata Malaba. Basi nikawaeleza jinsi nilivyoingia kazini kwa kweli, jambo ambalo halikuwamo kwenye karatasi.

Niliwaambia kwamba mwaka 2009 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, alama zangu hazikutosha kunipa nafasi ya kusomeshwa na serikali, na nilikuwa nyumbani Jinja nikimsaidia mama kuuza mukene, yaani dagaa. Bwana mmoja wa Malaba alikuwa amechukua magunia kwa mkopo na kunyamaza. Mama akanituma nikadai, akisema nisirudi bila fedha. Nilimkuta bwana huyo katika kibanda cha wakala wa forodha, amezungukwa na madereva. Siku hizo lori lilisafishiwa makaratasi upande wa Kenya, kisha likaanza upya upande wa Uganda, na foleni ilifika mbali kiasi kwamba madereva walikuwa wakifua nguo na kuzianika kwenye vioo vya magari. Akaniambia niketi, fedha zinakuja. Nikaketi. Akaona mwandiko wangu, akaniomba nimjazie fomu moja. Kisha nyingine. Madereva wa Mombasa walikuwa wanaeleza mambo yao kwa Kiswahili, bosi wa kibanda alikuwa anataka Kiingereza, nami niliyekulia kambini nikawa katikati. Mchana yule bwana akasema anakwenda kunywa chai. Jioni bosi alikuja, akanikuta kwenye kiti, fomu zimepangwa vizuri, akaniuliza kama mimi ndiye mpya. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mdai. Lakini akanipa fedha za chakula cha jioni, na nilikuwa sijala tangu asubuhi.

“Na huyo wa chai?” ikauliza stoo.

“Hajarudi mpaka leo, Mama.”

“Kwa hiyo mdaiwa alitoka, wewe ukabaki ndani,” akasema. “Ndiyo maana leo umenilipizia mimi.”

Shule nzima ilicheka, walimu wakiwamo, na mhandisi wa barabara akalazimika kufuta miwani. Tangu hapo mkutano haukuwa wangu tena. Nilipoeleza kwamba mwaka 2014 lilianza eneo moja la forodha, ambapo maombi na kodi hukamilishwa kabla mzigo haujatoka Mombasa, na kwamba vibanda vingi vya Malaba vilifungwa kwa kuwa kazi ilikuwa imehamia pwani, mpishi akauliza kwa nini changu hakikufungwa. Nikasema nilikuwa nimekwisha kusomea cheti cha mawakala wa forodha cha Afrika Mashariki, nikageukia mizigo ya kupita kwenda Sudani Kusini. Akauliza kama katika cheti hicho hawafundishi kuchungulia ndani kabla ya kufunga. Jamani, wanafundisha. Ni jambo la kwanza kabisa: unakagua, ndipo unafunga.

Dereva alifika na mkasi begani, na hapa ndipo simulizi yake inapojisahau, kwa sababu hajawaambia alichokifanya yeye. Alishuka kwenye bodaboda, akaitazama sili, akautazama umati, kisha akauliza kwa uso mkavu, “Afisa wa forodha yuko wapi? Mimi sikati sili bila afisa.” Maji yalikuwa yameshaongezwa mara kadhaa kwenye sufuria. Watoto walikuwa wanaitazama suti yangu kwa namna ambayo sikuipenda. Naye akatoa kalamu, akainakili namba ya sili kwenye kiganja, akamwomba Madamu ashuhudie, ndipo akakata. Ilichukua sekunde moja. Mlango wenyewe, kwa ajili ya yale mafanikio ya mwalimu wa fizikia, ulihitaji mateke ya walimu watatu.

Mpishi akatoka na beseni la unga kichwani, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye maji yake. Aliponipita alisema, “Sogea, mwanangu, suti itachafuka.” Ningependelea mwiko.

Mengine ni madogo. Posho ililiwa jua likiwa limeshuka, nami nilipewa sahani iliyojaa kuliko ya mtu yeyote, nikala yote. Muuguzi alizungumza kwa muda mfupi sana na wa benki hakuzungumza kabisa. Fundi wa kuchomelea amenitumia bei ya komeo na fremu, nimemlipa kwa simu, pamoja na wembe wa msumeno. Dereva anadai nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, nami nimemwambia akamdai yule aliyekwenda kunywa chai.

Jana Madamu amenipigia kunieleza kwamba wanafunzi waliandikishwa kazi wanazozitaka baada ya siku ile. Kuna wauguzi wengi, wahandisi wa kutosha, na mafundi wa kuchomelea ambao hawakuwapo mwaka jana. Forodha imechaguliwa na mmoja tu, yule kijana wa kidato cha pili niliyemwambia mwishoni, naye ameandika wazi kwamba hataki kuwa wakala. Anataka kuwa afisa wa kuwakagua.