Wifi wa Mbali, Mama Mkwe wa Nyumba Moja: Kesi za Mahari India Zifutwe Lini?

Nchini India mahari hutoka kwa wazazi wa binti kwenda upande wa bwana harusi. Sheria iliipiga marufuku mwaka 1961, lakini haikukoma. Mwaka 1983 kikaongezwa katika kanuni ya adhabu kifungu cha 498A: mume au ndugu zake wakimtesa mke, wanaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Tangu Julai 2024 kosa hilo limo katika kanuni mpya ya adhabu, ila mabishano hayajabadilika. Mke akiutaja ukoo mzima wa mume bila kueleza nani alifanya nini, je, kesi ifutwe kabla ya kusikilizwa?

Mahakama ya Juu imefuta nyingi. Mwaka 2010 iliwaondoa kwenye kesi iliyofunguliwa Ranchi, mashariki mwa nchi, wifi aliyekuwa kwa mumewe huko Gujarat na shemeji aliyeishi Maharashtra, majimbo ya mbali ya magharibi. Hapo sina ubishi. Kosa hilo halina dhamana ya moja kwa moja, na hadi Mahakama ilipowakemea polisi mwaka 2014, watu walikamatwa hovyo, wazee kwa vijana. Kumburuta mtu kortini miaka kadhaa kwa sababu tu ni dada wa mume ni dhuluma.

Kesi ya jimbo la Bihar ya mwaka 2022 ndiyo inayonisumbua. Mlalamikaji alidai washtakiwa wote walimtesa kiakili na kumtishia kumtoa mimba. Mahakama ikaona hakuna aliyetajwa kwa tendo lake, ikawafutia wakwe mashtaka. Kisheria hoja ina uzito: mtu hawezi kujitetea dhidi ya neno "wote". Lakini mateso ya ukweni hayana risiti. Mama mkwe anayekukumbusha kila siku kwamba gari halijaletwa hakuachii tarehe ya kuandika. Mahari nayo hupita kwa jina la zawadi, na shahidi ni familia yenyewe. Takwimu za serikali zilihesabu zaidi ya vifo 6,000 vya wake vilivyohusishwa na mahari mwaka 2022. Kuchelewa kumsikiliza mke kuna gharama hiyo.

Kwa hiyo ningetenganisha ndugu mmoja mmoja. Anayeishi mji mwingine, asiyedaiwa kupiga simu, kudai kitu wala kupokea kitu, aondolewe mapema. Aliyelala chini ya paa moja na mke asiondolewe kwa kukosekana tarehe tu, mradi mke ameeleza alichodai, alichosema au alichomnyima. Na kabla ya kufuta, jaji atazame pia maelezo yaliyochukuliwa na polisi baadaye, si lile lalamiko la kwanza peke yake. Mara nyingi lalamiko hilo huandikwa na wakili au askari kwa maneno yaleyale ya kila jalada, na mke anaadhibiwa kwa uvivu wa kalamu ya mwingine.

Ulegevu wa polisi usitibiwe kwa kuweka kizuizi kingine mbele ya mke. Mwaka 2017 Mahakama iliagiza kamati za ustawi wa familia zichuje malalamiko kwanza. Mwaka uliofuata majaji wenyewe waliziondoa kwa kuwa hazikuwa na msingi katika sheria. Askari anayepokea lalamiko ndiye anayepaswa kumuuliza, kwa kila jina analotaja: huyu alikufanyia nini, na wapi?