Gome la muiri lisimcheleweshe mzee hospitali

Wazee wetu wengi wakianza kusumbuliwa na tezi dume, ile tezi ya chini ya kibofu inayobana njia ya mkojo ikivimba, huenda kwanza kwa muuza mitishamba, na hospitali huiona siku mkojo umegoma kabisa. Siwalaumu. Mitishamba iko karibu, na anayeiuza hamwambii mtu avue suruali. Kinachoniumiza ni ubishi wetu: huyu anadai yote ni utapeli, yule anadai inatibu kila kitu, na katikati mzee anaumia.

Chukua mti wa Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri. Huota kwenye misitu ya milimani, Kameruni, Kenya, Tanzania, hadi Madagaska. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya dawa ya tezi dume iliyokamuliwa kwenye gome lake, na vidonge vyake vikauzwa Ulaya kwa jina la Tadenan. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Uwezekano wa kusema wamepata nafuu ulikuwa zaidi ya mara mbili kwa waliomeza dawa hiyo kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, na kuamka usiku kwenda kukojoa kulipungua kwa asilimia 19. Majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi, lakini mimi siwezi kuuita huo utapeli.

Saw palmetto, mmea wa Marekani unaosifiwa sana mitandaoni, una habari tofauti. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, wanaume 369 waligawanywa makundi mawili. Waliopewa mmea huo waliongezewa dozi hadi mara tatu ya kawaida, na bado hawakuwazidi wenzao waliomeza vidonge vitupu. Kwa hiyo kila mmea uhukumiwe kwa ushahidi wake wenyewe.

Hata muiri una mipaka. Vidonge vilivyojaribiwa vilikuwa na kipimo kinachojulikana. Unga wa kwenye chupa ya stendi hakuna ajuaye una nini wala kiasi gani. Pia, kupata nafuu ya mkojo si kujua ugonjwa. Saratani ya tezi dume inaweza kuleta dalili zilezile, au isilete dalili yoyote mwanzoni, na wanaume weusi wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuipata. Mkojo unaorudi nyuma kwa muda mrefu huharibu figo, mzee akiwa bado anasubiri chupa ya tatu ifanye kazi. Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume, na kile cha daktari kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, vije kwanza. Baada ya hapo, mwenye dalili nyepesi akitaka kutumia gome, amwambie daktari, na daktari asimkaripie. Mzee aliyekaripiwa harudi.

Nauhurumia na mti pia. Biashara ya gome iliuandama kiasi kwamba tangu 1995 mauzo yake ya kimataifa yanadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukibanduliwa gome kuuzunguka shina lote, mara nyingi hufa. Wakulima wa nyanda za juu wanaweza kuuotesha shambani pamoja na kahawa na kuvuna gome upande mmoja mmoja, shina likiachiwa nafasi ya kupona. Serikali zetu zingewapa miche hiyo na bei ya uhakika, badala ya kuacha misitu ichunwe na wanunuzi wa kupita.