Mchanga una uzito

Dagaa walioanikwa mchangani unawajua kwa jino. Unatafuna, kitu kinasaga, unanyamaza kidogo, halafu unaendelea kula kwa tahadhari kama mtu anayepita kwenye matope na viatu vipya. Unaweza kuwaosha maji matatu, manne, na bado punje moja itabaki kukusubiri.

Shangazi yangu anauza dagaa Igombe, kando ya Ziwa Victoria huku Mwanza, na kwake huokoti punje. Ana chanja sita nyuma ya nyumba. Miguu ni miti iliyochimbiwa, inafika kiunoni, fito zimelazwa juu yake, na juu ya fito ametandaza wavu wa dagaa uliochakaa ambao mwenye mtumbwi alikuwa anautupa. Dagaa wakimwagwa pale, maji yanachuruzika, upepo unapita juu na chini, kuku wanabaki kutazama kwa uchungu. Jua likiwa kali, waliomwagwa asubuhi jioni wanaingia guniani. Wingu likitanda, watu wawili wanakunja wavu pamoja na mzigo wake na kukimbilia ndani. Aliyeanika chini muda huo anahangaika na ufagio, na dagaa wakishalowa wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Chanja hazikuvumbuliwa na shangazi. Wataalamu wa uvuvi wamezihubiri mwambao mzima kwa miaka, na hakuna mwanamke pale ufukweni asiyezijua. Nilipomuuliza kwa nini basi wenzake wengi bado wanaanika chini, nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za ukosefu wa elimu. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Baba, mchanga una uzito."

Ilinichukua muda kuelewa. Mzigo wa jumla unapimwa kwenye mizani. Aliyenunua miti, akalipa fundi, akaanika juu, anafikisha gunia safi na jepesi. Jirani yake ambaye hakutumia hata senti anafikisha gunia lililobeba na kidogo cha ufukwe. Bei ya kilo ni ile ile. Katika soko la namna hiyo usafi ni hasara, na mwanamke anayeanika mchangani anajua hesabu kuliko yule anayekwenda kumfundisha.

Shangazi alichofanya ni kuhama mizani. Aliacha kumpelekea mchuuzi wa jumla, akaanza kufunga nusu kilo kwenye mifuko ya khaki (ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, yeye anadai alianza kabla, mimi simbishii mkubwa). Wateja wake ni walimu, manesi, na zaidi ya wote akina mama wanaosaga dagaa pamoja na unga wa uji wa watoto. Mama wa mtoto wa miezi minane havumilii mchanga hata chembe. Analipa bei ya juu, na mwezi ukiisha anapiga simu mwenyewe. Majina yote yako kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu, na waliokopa wamepigiwa mstari. Wageni wakija hupiga picha chanja. Mimi ningepiga picha lile daftari.

Nasema haya kwa sababu siku hizi habari za wabunifu wa mtaani zimekuwa nyingi, na nyingi zinaishia kwenye kifaa. Kijana kasimama na kitu alichotengeneza, anatabasamu, basi. Hatuambiwi nani analipa kitu hicho kikiharibika, wala tatizo la mwanzo limekwenda wapi. Swali hilo la pili ndilo linalonisumbua.

Chukua taa za kuvulia dagaa. Zamani ilikuwa karabai: mafuta ya taa, kioo kinachopasuka upepo ukivuma, na harufu inayokufuata mpaka kanisani. Ukilala mtaa wa ziwani usiku wa giza ulikuwa unaona mji mwingine unawaka majini. Leo mji huo upo, ila unawaka kwa betri na taa za LED, na betri zinachajiwa mchana kwa umeme au sola. Wavuvi walihama wenyewe kwa sababu mafuta yalikuwa yanakula faida yao. Nafurahi. Lakini betri zilizokufa nimeziona zimerundikwa nyuma ya kibanda, moja imepasuka, na watoto wanazikalia. Mafuta hayamwagiki tena majini, ila ile betri iliyopasuka ina madini ya risasi na tindikali, na hatua ishirini kutoka hapo ni maji.

Sasa niseme lile ambalo watu wa mjini hatupendi kulisema mezani. Mwanza ni mji wa miamba. Mabatini, Igogo, Isamilo kule juu, nyumba zimejibanza katikati ya majabali. Unachimba choo, futi chache tu sululu inagonga jiwe. Shimo linajaa upesi, na gari la kunyonya haliwezi kupanda kichochoro ambacho hata mkokoteni unakishindwa. Basi fundi anaacha tundu upande wa bondeni, analiziba kwa tofali na udongo. Usiku wa mvua kubwa, mwenye nyumba anatoka na koti lake, anazibua, anarudi kulala. Kutapisha choo, ndivyo tunavyoita.

Ukiupima kwa vigezo tunavyosifia wabunifu, huu nao ni ubunifu. Ni rahisi, hauhitaji mfadhili, unatumia nguvu ya asili, na unafanya kazi. Nimewahi kupanga chumba bondeni. Jirani wa juu alikuwa mtu wa heshima kabisa, shikamoo yake huitikii bila kutabasamu, na kila masika alitushushia mzigo wake. Asubuhi ya mvua tulikuwa tunanusa kwanza kabla ya kufungua mlango. Siku moja ndoo yangu ya maji ya kunywa niliyoisahau nje nilikuta imehama mita kumi, na sikuifuata.

Sikuwahi kumchukia, na mpaka leo simchukii. Alikuwa na tatizo halisi, mshahara mdogo na jabali chini ya miguu. Lakini tatizo lile halikuisha, lilihama tu. Kutoka kwetu lilishuka mpaka mto Mirongo, likapita katikati ya mji na mifuko na chupa, likaingia ziwani. Na ziwa hili, pamoja na ukubwa wake wa karibu kilomita za mraba 69,000, lina mlango mmoja tu wa kutokea, kule Jinja unakoanzia Nile. Kinachoingia kinakaa.

Kinachokaa kinalisha gugu maji. Mmea ule wa maua mazuri ya zambarau asili yake ni Amerika Kusini, ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 ukafunga ghuba nzima nzima, mitumbwi ikashindwa kutoka. Haukuletwa na vyoo vyetu, lakini maji yenye mbolea, ya mashambani na ya mijini, ndiyo uji wake. Kilicholisaidia ziwa wakati ule ni fukusi, wadudu wadogo kutoka huko huko ulikotoka mmea, waliozalishwa kwa wingi na kuachiwa wautafune. Kazi ya kimya, ya miaka, isiyo na mtu wa kupigwa naye picha. Leo gugu linarudi kwa misimu, na kuna vikundi vinavyolikausha na kusuka vikapu na mikeka. Nina kikapu chake nyumbani, kizuri, kinabeba viazi. Ila anayeniambia vikapu vitalimaliza gugu namwomba afanye hesabu: likipata joto na chakula linajizidisha maradufu kwa wiki mbili hivi. Hakuna vidole vinavyosuka kwa kasi hiyo. Kusuka ni kipato halali cha watu wazuri, tukiite hivyo.

Ninachokiamini zaidi siku hizi ni kitu kisicho na mvuto wowote: bomba. Kwenye baadhi ya vilima vyetu, mamlaka ya maji imepitisha mtandao mdogo wa majitaka, mabomba membamba yanayoshuka juu ya miamba, kutoka choo hadi choo, mpaka kwenye bomba kubwa chini. Uhandisi ni wao. Lakini bomba la juu haliwezi kushuka bila kupita uani kwa wa chini, na hapo mhandisi hana kifaa cha kumsaidia. Mtaani kwa rafiki yangu walikaa vikao sita. Bibi mmoja alikataa katakata kinyesi cha watu kupita mbele ya jiko lake, na alikuwa na haki. Mwishowe bomba lilizungushwa nyuma ya nyumba yake, na kaya tatu za juu zikachangishana kulipia urefu ulioongezeka. Likiziba, wa chini ndiye wa kwanza kujua, naye ana namba za simu za wote wa juu. Sijui kama hilo lina jina. Mabalozi wa mtaa wamekuwa wakifanya kazi ya aina hiyo tangu nikiwa mtoto, bila cheti.

Jumapili iliyopita nilikwenda Igombe. Mchwa wamekula miguu ya chanja mbili, na shangazi hataki kununua miti tena; anasema kila mwaka anakata msitu kwa ajili ya dagaa. Nikamsimulia habari za bibi na bomba. Alisikiliza huku akigeuza dagaa kwa mikono miwili, alipomaliza akauliza kama mafundi waliacha vipande.

Viliachwa, kama mita nane hivi, vya plastiki nzito, havijatumika. Viko kwa rafiki yangu, nyuma ya banda la kuku. Nimemwambia asivitupe mpaka nipate pikipiki.